Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa haulizwi uji, sisi tunamnyima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya.
Nakala kwa Mganga Mkuu wa Serikali, Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga, waganga wakuu wa mikoa na waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, na kwa miaka mingi zamu zangu zimekuwa za usiku. Hospitali siitaji, kwa sababu barua hii si mashtaka dhidi ya mtu. Niliosoma nao chuoni wametawanyika mikoani, na tukisimuliana kwa simu naona tunauguza wagonjwa wale wale kwa namna ile ile.

Naandika kuhusu watu wanaopasuliwa tumbo kwa dharura, na mpango wa kuwainua mapema baada ya kupasuliwa. Utumbo umetobolewa na homa ya matumbo, au umejisokota, au umenaswa kwenye ngiri, au kidole tumbo kimepasuka na usaha umeenea. Hawa hawapangiwi tarehe. Huletwa saa nane za usiku juu ya bodaboda, wamebanwa katikati ya dereva na ndugu anayewashikilia wasianguke, baada ya siku tatu za dawa za kupunguza maumivu kutoka duka la dawa la kijijini. Wengi ni vijana. Wengi ndio wanaotegemewa nyumbani.

Kuna mama mmoja sijamsahau. Mwanawe, mkulima, alikuwa na utumbo uliojisokota. Alipasuliwa vizuri kabisa: sehemu iliyokufa ikakatwa, utumbo ukaungwa, akarudishwa wodini akiwa hai. Kwenye faili iliandikwa asile wala asinywe chochote mpaka atoe hewa. Siku ya pili hakutoa hewa, au alitoa usingizini hakuna aliyemsikia. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Siku ya nne nilipoingia zamu nilimkuta vile vile nilivyomwacha, amelala chali, mpira puani, mpira wa mkojo, dripu mkononi. Mama yake akanivuta pembeni, akafunua kanga. Chini yake alikuwa na chupa ya uji, wa moto. Akasema, "Nesi, wazee walituambia mgonjwa haulizwi uji, anapewa. Mimi huyu wangu namnyima siku ya nne leo. Nisaidie mwanangu, nimwambie nini?"

Nilimpima kijana. Tumbo laini, hatapiki, presha nzuri, joto la kawaida. Hapakuwa na kitu kinachomzuia kula isipokuwa sentensi moja iliyoandikwa siku nne nyuma, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuifuta. Nilipiga simu, daktari akaruhusu papo hapo. Alisema alidhani mgonjwa alishaanza kula tangu juzi.

Siku ya nane mshono wa nje ulifumuka. Alikaa nasi wiki tatu zaidi, tukimsafisha kidonda kila asubuhi, na huku nyumbani mbuzi wanauzwa kulipia kitanda. Siwezi kuapa kwamba ni njaa iliyoufumua mshono ule. Najua tu kwamba mwili uliotakiwa kuziba kidonda kikubwa kiasi kile tulikuwa tumeunyima chakula cha kuzibia.

Mheshimiwa Waziri, utaratibu wa namna nyingine upo na umri wake unakaribia miaka 30. Daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, akifanya kazi hospitali ya Hvidovre pale Copenhagen, alianza kujiuliza kwa nini mtu aliyepasuliwa salama anaendelea kulala hospitalini. Alichokikuta ni kwamba mara nyingi si ugonjwa unaomlaza. Ni maumivu yasiyotulizwa, utumbo uliolala, mipira, njaa, na kitanda chenyewe. Mwaka 1997 aliandika kwamba vitu hivi vikishughulikiwa vyote kwa pamoja, mgonjwa anapona upesi na kwa madhara machache zaidi. Wapasuaji wengine wa Ulaya wakaifuata njia hiyo kuanzia 2001, na mwaka 2010 wakaunda chama kinachotoa miongozo yake, maarufu kwa kifupi cha ERAS, yaani kuharakisha kupona baada ya upasuaji.

Naomba nieleze mambo haya yanavyofanya kazi mwilini, kwa sababu nikiwaeleza wenzangu wodini ndipo wanaponielewa. Utumbo ukishikwashikwa na kukatwa unalala. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini na pethidini zinauzidishia usingizi, kwa hiyo tukitegemea hizo peke yake tunamtuliza mtu huku tunamchelewesha. Parasetamo ikitolewa kwa saa, siyo kwa kilio, na ganzi ikichomwa kwenye ukuta wa tumbo mgonjwa akiwa bado mezani, hitaji la hizo kali linapungua. Maji ya dripu nayo hayapotei yakizidi. Yanajaa kwenye kuta za utumbo, unavimba, unashindwa kusukuma, na mshono wa ndani unavutika. Tunaning'iniza chupa baada ya chupa kwa sababu mgonjwa hanywi, naye hanywi kwa sababu tumemkataza. Kulala siku tano kunayeyusha misuli, kunajaza makohozi kifuani, kunagandisha damu miguuni. Mpira wa mkojo uliosahauliwa unaleta maambukizi, na pia unamfunga mtu kitandani kama kamba. Kutafuna nako kunauamsha utumbo, unadhani chakula kinakuja. Hata bigijii, ile ya dukani, imefanyiwa tafiti kwa ajili hiyo.

Kwa miaka mingi tuliambiwa hayo ni ya wagonjwa wa kupangiwa, wanaofika kwa miguu yao wakiwa wameandaliwa. Wa dharura hana muda wa kuandaliwa. Ni kweli, na ndiyo maana yeye ndiye anayehitaji utaratibu kuliko yule mwingine. Mwaka 2021 chama hicho kilitoa sehemu ya kwanza ya mwongozo wa upasuaji wa tumbo wa dharura, inayohusu saa zile kabla ya thieta. Mwaka 2023 zikafuata sehemu za ndani ya thieta, za wodini na za uendeshaji. Kule Puducherry, India, waliwagawa kwa kura wagonjwa walioshonwa vidonda vya tumbo vilivyotoboka. Waliouguzwa kwa njia hii walirudi nyumbani siku kama nne mapema kuliko wenzao. Kidonda kilichotoboka tunakifahamu vizuri sana hapa kwetu, na siku nne ni fedha ya mbegu za msimu mzima.

England na Wales tangu Desemba 2013 zinaandikisha kila mtu mzima anayepasuliwa utumbo kwa dharura: alifika saa ngapi, alipata dawa ya kuua bakteria saa ngapi, nani alimpasua, alilazwa wapi baadaye. Mwaka wa kwanza asilimia 11.8 walifariki ndani ya siku 30. Miaka michache baadaye ilikuwa imeteremka hadi kwenye asilimia 9 hivi. Wana mashine na wataalamu ambao sisi hatuna, lakini hao walikuwa nao hata kabla ya 2013. Walichoongeza ni kuhesabu, na kila hospitali kuonyeshwa hesabu yake.

Afrika nasi tumewahi kuhesabiwa kwa upana. Utafiti uliochapishwa 2018 ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa mengine machache kuliko wa nchi tajiri, lakini walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Na hapa naomba usome polepole, Mheshimiwa: zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea baada ya siku ya upasuaji kwisha. Watu wetu hawafi mezani. Wanafia kwetu, wodini, usiku, tukiwa wauguzi wawili kwa wodi nzima na wagonjwa wamelala mzungu wa nne.

Nikisikia uzinduzi wa jengo jipya la upasuaji nafurahi kama kila Mtanzania. Halafu nafikiria kitanda atakachorudishiwa mgonjwa wa jengo lile.

Mwanza, katika hospitali ya Bugando, madaktari walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 104 ambao homa ya matumbo ilikuwa imewatoboa utumbo. Karibu robo yao walifariki, asilimia 23.1. Miongoni mwa yaliyohusiana na vifo ni kuchelewa kufika, kufika ukiwa tayari umeishiwa nguvu na presha imeshuka, kuchelewa kupasuliwa, na uchafu mwingi kuwa umeshaenea tumboni. Kwa hiyo ninaposema mpango wa kumwinua mgonjwa mapema sizungumzii uji peke yake. Unaanzia zahanati, pale mganga anapolibonyeza tumbo likawa gumu kama ubao.

Pale ndipo ninapoona tofauti inayoniumiza. Mjamzito aliyepatwa na dharura leo ana m-mama: simu ya bure inapigwa 115, gari linatafutwa, hata la dereva wa kawaida wa kijijini, na hospitali inaarifiwa. Ni kazi nzuri, na mimi mwenyewe nimepokea akina mama waliookolewa nayo. Mwenye utumbo uliotoboka ana bodaboda na ndugu. Akifika, ndugu anapewa kikaratasi akanunue dawa za kuua bakteria duka la nje ya geti. Ndugu hana hela, anapiga simu kijijini, anasubiri itumwe, wakala amefunga. Saa zinakwenda na sumu inaingia kwenye damu. Wodi ya wazazi ina kasha la kifafa cha mimba. Hakuna anayeuliza malipo kabla ya kulifungua. Naomba kasha la namna hiyo mapokezi kwa ajili ya tumbo: dawa za kuua bakteria za dozi ya kwanza, maji ya dripu, mpira wa pua, kifaa cha kupima oksijeni. Dozi iingie ndani ya saa ya kwanza, hesabu ifuate baadaye.

Sasa nirudi kwenye uji, maana ndiko ninakokufahamu zaidi.

Madaktari wetu wanaogopa kulisha mapema, nami siwalaumu. Aliyewahi kuona mshono wa utumbo umeachia na kinyesi kinatoka tumboni kwa mtu aliyempasua kwa mikono yake hawezi kusahau. Walifundishwa kwamba utumbo upumzishwe. Tafiti zilizofanyika tangu wakati huo zimeonyesha kwamba kulisha mapema hakuongezi kuachia kwa mishono. Wapo wasiostahili kulishwa: ambaye presha bado inashikiliwa kwa dawa, ambaye ncha za utumbo zimefungwa kwa muda akisubiri kurudi thieta, anayetapika na tumbo limejaa. Hao wasubiri, na mpira wa pua wabaki nao. Lakini asubiri kwa sababu daktari amemwona leo na kuamua leo.

Hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Katika wodi zetu kumlisha mgonjwa ndiko kunakohitaji ruhusa. Kumnyima hakuhitaji chochote. Kunaendelea kwenyewe, siku ya pili, ya tatu, ya nne, bila mtu yeyote kukuamua. Naomba Wizara iligeuze jambo hili. Itoke karatasi moja, kwa Kiswahili, ikae mbele kabisa ya faili la kila aliyepasuliwa tumbo kwa dharura. Kila asubuhi ijibiwe: leo anakunywa? Anakula? Mpira wa pua unatoka? Wa mkojo unatoka? Ameketi? Ametembea hadi mlangoni? Parasetamo amepata mara ngapi tangu jana? Na kila panapojibiwa hapana, iandikwe sababu na jina la aliyeamua. Pasipo sababu iliyoandikwa na kusainiwa, muuguzi awe na mamlaka ya kumpa mgonjwa maji, kisha uji, na kumtoa mpira wa mkojo. Mimi na wenzangu tunaweza. Tulichokosa ni waraka unaosema tunaruhusiwa.

Mtu anaweza kuniambia karatasi haiokoi maisha. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi ya Shirika la Afya Duniani iliyojaribu orodha ya ukurasa mmoja ya usalama wa upasuaji katika miji minane. Miongoni mwake, pamoja na London, Toronto na Seattle, ilikuwemo Ifakara yetu. Kwa ujumla wa miji yote vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile leo inatumika dunia nzima, na sehemu ya ushahidi wake ilitoka Morogoro. Majirani zetu wa Rwanda nao walishiriki katika utafiti wa nchi saba, uliochapishwa 2022, wa jambo dogo zaidi: kubadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo. Maambukizi ya kidonda yalitoka asilimia 18.9 yakafika 16.0. Hospitali za aina yetu zinaweza kufanya vitu hivi.

Chakula chenyewe kinahitaji bajeti, hilo silifichi. Mgonjwa wa siku ya kwanza hawezi ugali na maharage ya saa saba. Anahitaji uji wenye maziwa na karanga, yai, mtori, supu, kidogo kidogo mara nyingi. Mwenye ndugu mjini huletewa. Aliyeletwa kwa rufaa kutoka wilaya ya mbali, ndugu yake analala chini ya mwembe nje ya uzio na hana jiko. Jiko la hospitali likipika sufuria moja ya uji wa lishe asubuhi na jioni kwa ajili ya wodi ya upasuaji, gharama yake haitafikia dripu zinazotundikwa bila sababu.

Na ndugu aruhusiwe. Tunawafukuza saa ya kutazama wagonjwa inapokwisha, kisha tunalalamika hatuna watu wa kuwatembeza. Ndugu mmoja kwa kila mgonjwa wa dharura afundishwe kumketisha, kumshika kiunoni, kumhesabia pumzi kumi ndefu kila saa, na kumpeleka hadi varanda na kumrudisha. Nimejaribu katika zamu zangu. Mke wa fundi seremala mmoja alijifunza kwa dakika chache, na jioni nilimkuta anamfundisha mama wa kitanda cha pili.

Mheshimiwa Waziri, mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na huduma za usingizi, ule wa 2018 hadi 2025, umefika mwisho wa muda wake. Naomba unaofuata uwe na sura inayohusu mgonjwa wa tumbo wa dharura, kuanzia zahanati hadi siku anayotolewa nyuzi, na katika sura hiyo mambo mawili yasikosekane: ile karatasi ya kila asubuhi, na rejesta ya taifa ya wagonjwa hawa. Saa ya kufika, saa ya dozi ya kwanza, saa ya kuingia thieta, siku ya kula, siku ya kutembea, na kama siku ya 30 yuko hai. Tuanze na hospitali chache za mikoa zilizo tayari. Mwongozo wa ERAS wa 2022 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, ulioongozwa na madaktari wa Cape Town, upo wa kuanzia. Umeandikwa kwa wagonjwa wa kupangiwa, kwa hiyo utasomwa sambamba na ule wa dharura, na wauguzi tuwe mezani wakati wa kuusoma. Hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI. Waraka ukitoka Wizara ya Afya peke yake utaishia getini kwao, kwa hiyo utolewe kwa pamoja.

Tangu siku ya yule mama nimekuwa nikiandika kwenye daftari la kawaida la shule: namba ya kitanda, siku ya upasuaji, siku ya uji wa kwanza, siku ya kutoka mpira, siku ya kusimama. Majina hayamo. Wenzangu wa zamu wamezoea, nao wanajaza, na wiki mbili zilizopita daktari mmoja kijana aliliomba alisome, akakaa nalo muda mrefu, kisha akazunguka wodi nzima kitanda kwa kitanda akifuta kwenye mafaili yale maagizo ya kutokula yaliyokwisha wakati wake. Daftari linakaa droo ya juu ya meza ya wauguzi. Mtu yeyote utakayemtuma, saa yoyote, mchana au usiku, ataonyeshwa.

Nakutakia kazi njema,

Muuguzi,
Wodi ya upasuaji, hospitali ya rufaa ya mkoa